Fidia Baada ya Ajali ya Lori

Fidia ya ajali ya lori ni deni la kisheria. Aliyeumia, au familia ya aliyefariki, humdai dereva aliyezembea, humdai pia mwenye lori aliyemtuma dereva huyo, na kwa kuwa sheria inamlazimisha mwenye gari kukata bima, nyuma yao wote wawili kuna kampuni ya bima. Madai karibu yote ya aina hii husimama juu ya mambo hayo matatu: uzembe, mwajiri na bima. Kinachowaangusha wengi si sheria bali ushahidi, kwa sababu sehemu yake kubwa hupatikana katika siku chache za mwanzo, wakati familia iko wodini au msibani na hakuna mwenye moyo wa kufikiria karatasi.

Mkoa wa Kigoma una sababu zake za kulijua jambo hili vizuri. Reli ya Kati ilifika mjini Kigoma mwaka 1914, na hadi leo bandari yake ni mlango wa mizigo iendayo Bujumbura, Kalemie na Uvira. Barabara kuu inayotoka Kigoma na Ujiji hugawanyika Kidahwe. Tawi moja huelekea Uvinza, huvuka Mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete na kwenda zake Tabora. Jingine hupanda Kasulu, hupita Kibondo na kutokea Nyakanazi, na kutoka upande huo wa Kasulu kuna njia iendayo Manyovu, mpakani na Burundi, katika nchi ya milima na miteremko mikali. Katika barabara hizo hupita malori ya tela yenye saruji na mafuta, mafuso yaliyosheheni chumvi ya Uvinza, mahindi, maharage, mawese na dagaa, na malori yanayopeleka chakula kwa wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Katika barabara hizo hizo hupita wanafunzi kwa miguu, bodaboda, na baiskeli zilizobebeshwa mkaa na ndizi. Kwa hiyo mtu anayegongwa Kigoma anaweza kukuta kwamba mdaiwa wake ni mfanyabiashara wa Mwanga mjini Kigoma, kampuni ya Dar es Salaam, msafirishaji wa Bujumbura, halmashauri au shirika la kimataifa, na kila mmoja wao ana njia yake ya kudaiwa.

Nani anadaiwa

Dereva ndiye mkosaji wa kwanza, lakini mara nyingi hana mali. Sheria ya madhara, ambayo Tanzania iliirithi kutoka Uingereza na mahakama zake zimeendelea kuitumia, humfanya mwajiri awajibike kwa uzembe wa mfanyakazi wake uliofanyika akiwa kazini. Dereva wa fuso aliyetumwa kuchukua dagaa Kibirizi akamgonga mtu njiani, bosi wake huwajibika pamoja naye. Dereva huyohuyo akilichukua gari usiku kwa shughuli zake binafsi, mwenye gari ana nafasi ya kujitetea kwamba hiyo haikuwa kazi yake. Utetezi ambao kwa kawaida haumsaidii ni ule wa kusema dereva alikuwa deiwaka, yaani kibarua wa siku. Aliyemkabidhi mtu funguo afanye kazi yake hawezi kumkana kwa sababu tu hakumpa mkataba wa maandishi.

Mmiliki hutambuliwa kwa kadi ya gari na kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania. Hapa kuna mtego ambao umewapotezea watu miaka. Malori huuzwa na kuuzwa tena bila kubadilisha jina kwenye kadi, hivyo anayeshtakiwa huja mahakamani na hati ya mauziano kuonyesha kwamba gari si lake tena. Dawa yake ni kuwashtaki wote wawili, mwenye jina kwenye kadi na anayeliendesha gari kibiashara, na kuiachia mahakama iamue. Lori la tela nalo ni vyombo viwili: kichwa kina namba yake ya usajili na tela lina yake. Atakayeandika namba ya kichwa peke yake anaweza kuikosa bima au mmiliki wa tela, ilhali tela ndilo lililochomoka au kulalia watu.

Uzembe wenyewe hauthibitishwi kwa kusema tu kwamba lori lilikuwa kasi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 huweka mwendo wa mwisho wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500, hata barabara iwe wazi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56. Tiketi ya mzani, hati ya mzigo na ripoti ya mkaguzi wa magari kuhusu breki na matairi huweza kuonyesha kwamba kosa halikuwa la dereva peke yake. Bosi aliyepakia kupita kiasi gari lenye breki mbovu, kisha akalituma kwenye mteremko wa Manyovu, ana hatia yake mwenyewe.

Siku za mwanzo

Karatasi ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi ambayo majeruhi hupewa kwa ajili ya matibabu na ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Hospitali haipaswi kumwacha mtu afe kwa kukosa fomu, na majeruhi mahututi hutibiwa kwanza, lakini fomu hiyo ifuatiliwe mapema iwezekanavyo kwa sababu ndiyo inayounganisha jeraha na ajali. Anayetibiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni kisha akapelekwa Bugando, Mwanza, atunze kumbukumbu za kote kuwili: barua ya rufaa, picha za eksirei, vyeti vya dawa, risiti za vipimo, hata tiketi za basi za ndugu aliyemsindikiza. Mahakama za Tanzania zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba hasara halisi lazima itajwe moja moja katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Fedha ambayo haina risiti wala shahidi, mbele ya hakimu ni kama haikutumika.

Upande wa polisi, kitengo cha usalama barabarani hupima eneo, huchora ramani ya ajali, huandika maelezo ya mashahidi na kulikagua gari. Kampuni za bima huomba fomu zinazotokana na kazi hiyo, zikiwemo PF 90, PF 93 na PF 115, pamoja na ramani. Familia ina haki ya kuzifuatilia kituoni na inafaa ianze mapema. Picha za simu zilizopigwa kabla gari halijasogezwa, zikionyesha alama za matairi, namba za usajili na stika ya bima, zimewaokoa wengi. Majina na namba za simu za mashahidi ziandikwe siku hiyohiyo, kwa maana abiria wa gari jingine walioshuhudia ajali Kidahwe leo, kesho wako Kaliua.

Kesi ya jinai dhidi ya dereva huendeshwa na Jamhuri, na familia haina mamlaka juu yake. Hata hivyo ina faida kubwa kwa madai. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya kumtia mtu hatiani ni uthibitisho tosha wa kosa hilo katika shauri la madai, na hivyo mdai huondokewa na mzigo wa kuthibitisha upya jinsi ajali ilivyotokea. Ni kosa kudhani kwamba faini aliyotozwa dereva ndiyo fidia. Faini huenda serikalini. Mahakama ya jinai inaweza pia kuamuru fidia, lakini haina nafasi ya kupima kipato kilichopotea na ulemavu wa maisha kama inavyopimwa katika shauri la madai.

Katika siku hizo hizo mwenye lori huja na bahasha. Rambirambi, jeneza na gharama za msiba ni utu, na kuzipokea hakufuti haki ya kudai. Kinachoweza kuifuta ni saini. Karatasi inayosema familia imeridhika na haina madai zaidi ni mkataba, na ikiwekwa saini kituoni au nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenye lori ataitoa mahakamani miaka miwili baadaye. Ndugu mmoja mwenye kusoma vizuri apewe kazi ya kukagua kila karatasi kabla mjane au mgonjwa hajaishika kalamu.

Bima na wanaoachwa nje

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza gari kutumika barabarani bila bima ya madhara kwa watu wengine, ile ambayo mitaani huitwa bima ndogo. Anayemiliki bima kubwa naye ana ulinzi huo ndani yake. Uhalali wa stika huhakikiwa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, kwa kutumia namba ya gari, na uhakiki huo ufanywe mara moja kwa sababu stika bandia zimewahi kuwapo. Kulazimishwa huko kunahusu kifo na majeraha ya mwili. Ukuta wa nyumba uliobomolewa, genge la mama lishe lililosambaratishwa au bodaboda iliyosagwa hulipwa kulingana na mkataba wa bima uliokatwa, na kiasi kinachozidi hubaki kwa mwenye lori.

Kampuni ya bima haishtakiwi moja kwa moja kama mkosaji. Mdai hushtaki dereva na mmiliki, na akipata hukumu, sheria huibana kampuni iilipe hata kama ina ugomvi wake na mteja. Kampuni haiwezi kumkwepa majeruhi kwa kusema lori lilizidisha uzito au lilikuwa bovu; hayo itayamaliza na mteja wake. Lakini lazima iwe imepewa taarifa ya shauri ndani ya muda uliowekwa na sheria, na salama zaidi ni kuipelekea barua ya madai kabla ya kufungua shauri na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kundi lisilolindwa ni abiria wa juu ya mzigo, na kwa Kigoma hili ndilo suala zito kuliko yote. Vijijini Uvinza, Buhigwe na Kakonko, siku ya gulio, fuso ndilo basi. Mkulima hupanda juu ya magunia yake ya maharage, mchuuzi wa dagaa juu ya matenga yake, na utingo hukusanya nauli. Sura ya 169 hailazimishi bima kumlinda mtu anayebebwa ndani au juu ya gari, isipokuwa gari ni la kubeba abiria kwa malipo au mtu huyo amebebwa kwa sababu ya ajira yake. Bima ya lori la mizigo kwa kawaida hukatwa bila abiria. Lori likipinduka, mtembea kwa miguu aliyelaliwa na gunia analindwa na bima, na mwenye gunia aliyekuwa amelikalia anaambiwa kampuni haimtambui. Wakili anaweza kujenga hoja kwamba nauli iliyolipwa iliifanya safari kuwa ya abiria, nayo kampuni itajibu kwamba mkataba wake haukuruhusu matumizi hayo. Huo ni ubishi mrefu.

Hata hivyo, kukosa bima si kukosa haki. Abiria huyo bado anaweza kumshtaki dereva na mmiliki kwa uzembe, na kuuza kwa amri ya mahakama lori lenyewe na mali nyingine za mmiliki. Watadai kwamba naye alizembea kwa kupanda mahali pasipo kiti. Sheria inayohusu ajali za vifo na mambo mengineyo, Sura ya 310, huruhusu mahakama kugawa lawama kwa sehemu, na fidia hupunguzwa kwa kiasi cha kosa la aliyeumia badala ya kufutwa yote. Mtu ambaye kijiji chake hakina basi, aliyetozwa nauli na kupakiwa na utingo wa gari hilohilo, hastahili kubebeshwa lawama sawa na aliyedandia kwa siri, na wakili wake alisisitize hilo kwa ushahidi wa hali ya usafiri ilivyo.

Dereva na utingo nao huwa majeruhi. Wao ni wafanyakazi, na mlango wao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mfuko huchangiwa na mwajiri pekee. Hairuhusiwi kumkata mfanyakazi. Hulipa matibabu, asilimia 70 ya mshahara kwa aliyelazimika kukaa bila kazi kwa muda, ulemavu wa kudumu, mazishi, na pensheni ya wategemezi. Hapa mdai hana haja ya kuthibitisha uzembe wa mtu. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini. Taarifa itolewe ndani ya miezi 12.

Malori ya nje, ya Serikali na ya mashirika

Lori la Burundi au la Kongo linapaswa kuwa na kadi ya njano ya COMESA, mpango wa bima ya kuvuka mipaka uliotokana na itifaki ya mwaka 1986. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki ndani ya mpango huo. Ajali ikitokea Manyovu au Kasulu, majeruhi hahitaji kwenda Bujumbura kutafuta kampuni iliyotoa kadi. Madai hushughulikiwa hapa nchini kupitia ofisi ya mpango huo, iliyoko Shirika la Bima la Taifa, NIC, kwa viwango na sheria za Tanzania. Namba ya kadi hiyo inakiliwe lori likiwa bado kituoni. Kama hakuna kadi halali, haraka inahitajika zaidi, maana chombo kikishavuka mpaka au kupakiwa melini kimekwenda. Kanuni za mashauri ya madai, katika Amri ya XXXVI, huruhusu mdai aombe mali ya mdaiwa ikamatwe kabla ya hukumu, akionyesha kwamba mdaiwa ana nia ya kuiondoa ili kukwepa malipo.

Lori la Serikali au la halmashauri hudaiwa baada ya kutoa notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga dhidi ya mashtaka, ila mkataba wa mwaka 1946 ulioyapa kinga hiyo unayataka pia yaweke njia ya kumaliza madai ya namna hii, kwa hiyo barua hupelekwa kwenye shirika lenyewe. Kabla ya hapo itazamwe kadi ya gari: malori mengi yenye kazi za wakimbizi ni ya wasafirishaji binafsi, na hao hawana kinga yoyote.

Kiasi gani

Fidia ina sehemu mbili. Hasara halisi ni ile inayohesabika: dawa, nauli, mazishi, chombo kilichoharibika, mapato ya miezi ambayo mtu alilala kitandani. Fidia ya jumla ni ya maumivu, ulemavu na kupungukiwa uwezo wa kuishi kama zamani. Mahakama huipima kwa busara yake, ikitazama ripoti ya daktari na viwango vilivyotolewa katika mashauri yanayofanana.

Kipato ndicho kinachobishaniwa zaidi, kwa kuwa wengi hawana hati ya mshahara. Mvuvi wa dagaa wa Katonga hafanyi kazi siku 30 kwa mwezi. Uvuvi wa taa unahitaji giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika. Mgawo wake hutegemea samaki, mafuta ya taa au ya injini, na makubaliano na mwenye chombo. Atakayedai kiwango kimoja kwa kila siku ya mwaka atavunjwa kwa maswali ya wakili wa upande wa pili. Atakayeleta leseni ya uvuvi, daftari la mgawo la mwenye mtumbwi, kumbukumbu za kikundi cha ulinzi wa mwalo, taarifa za miamala ya simu na ushahidi wa mnunuzi wake wa kawaida, akaeleza wazi kwamba hesabu yake imeacha siku za mwezi, ataaminiwa. Vivyo hivyo mama anayekamua mawese: mashine aliyokuwa akilipia, wanunuzi wa madebe, ushuru wa soko, vyote ni ushahidi.

Kwa aliyefariki, Sura ya 310 huwapa mke au mume, wazazi na watoto haki ya kulipwa kile ambacho marehemu alikuwa akiwapatia. Mahakama huchukua kipato cha mwaka, huondoa sehemu aliyotumia mwenyewe, kisha huzidisha kwa idadi ya miaka inayoona ni ya haki. Shauri hufunguliwa na msimamizi wa mirathi, hivyo familia huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako mirathi ya Kiislamu na ya kimila husikilizwa. Familia za Kiislamu zina sababu ya kulizingatia jambo moja hapa: fidia ya wategemezi si mali aliyoiacha marehemu, kwa hiyo haigawanywi kwa mafungu ya mirathi. Hulipwa kila mtegemezi kwa kadiri ya alichopoteza, na mtoto wa miaka 4 kwa kawaida amepoteza zaidi kuliko kaka yake mwenye kazi.

Kufungua na kumaliza

Muda wa kudai madhara ni miaka 3 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo. Kwa mtoto aliyeumia, muda huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18, ingawa hakuna sababu ya kungoja mashahidi wasahau. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 200. Kinachopimwa ni hasara halisi, si fidia ya jumla, kanuni ambayo Mahakama ya Rufani iliiweka wazi katika shauri la Kiwanda cha Nguo cha Urafiki mwaka 2006. Makubwa zaidi huenda Mahakama Kuu, ambayo sasa ina masjala yake Kigoma; zamani familia zilisafiri hadi Tabora. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wa kuepukwa ni vishoka wanaozunguka wodini na kuomba saini ili "wafuatilie bima". Kwa kawaida mtu asiye wakili hawezi kumwakilisha mdai mahakamani, na aliyepewa hati ya uwakilishi huweza kupokea fedha na kutoweka.

Madai mengi huisha kwa maelewano na kampuni ya bima kabla ya hukumu. Kampuni hutoa kiasi, na mdai husaini hati ya kumaliza madai, inayofunga mlango kwa ajali hiyo yote. Kwa hiyo haifai kusaini kabla daktari hajasema kama mfupa umeunga au ulemavu ni wa kudumu. Kampuni ikizungusha au ikitoa kiasi kisichoeleweka, malalamiko hupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Hukumu ikishatolewa na isipolipwa, mdai huomba ikaziwe: lori hukamatwa, akaunti huzuiwa, mali hupigwa mnada. Pale mdai akiwa mtoto, mzazi au mlezi anayemwakilisha haruhusiwi kufanya maelewano wala kupokea fedha hizo bila idhini ya mahakama, na mahakama inaweza kuelekeza zihifadhiwe hadi mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima.